Nilipomwambia Mzee Zakaria Simu Yake Ni Nzima

Vijana wangu mnaoshika bisibisi leo, mmenitaka niwaambie siri ya kutengeneza simu inayosumbua kwenye kupiga na kupokea. Siri sina. Nina makosa, na mengi yake yanachekesha, isipokuwa moja. Hilo moja ndilo lililonifanya nikubali kuandika, maana mnaniita Mama Fundi kwa heshima kubwa, na sipendi kuendelea kuipokea heshima hiyo huku hamjui nilichomfanyia mzee mmoja wa Muleba.

Kibanda changu kilikuwa Miembeni, hapa Bukoba, mlango mmoja, meza moja, na benchi la wateja lililokuwa limelegea mguu. Nilikifunga kwa sababu ya macho. Skrubu moja nilianza kuiona mbili, nikawa napapasa mezani kama mtu anayechambua maharage gizani. Nikasema basi, imetosha.

Kazi yenyewe niliianza kwenye redio, kabla simu hazijafika kwetu. Aliyenifundisha ni Fundi Anatoli, Mkatoliki wa misa ya alfajiri, mtu wa maneno machache. Alikuwa na tabia iliyoniudhi. Mteja akiingia na redio yake, Anatoli aliweka mikono nyuma ya mgongo kama mwanafunzi aliyeitwa mbele ya darasa, na hakuigusa mpaka mwenye nayo amalize kusema yote, hata yasiyohusu. Mteja anasema: ilianza siku tuliyoanika kahawa, mke wangu alikuwa ameiweka dirishani, mtoto akapita, mvua ikanyesha. Anatoli anaitikia tu kwa heshima ya Kihaya, "Ee. Ee waitu." Mimi nimekaa pembeni nimeshika pasi ya kulehemu inapata moto bure.

Siku moja nilimwuliza kwa nini anapoteza muda hivyo. Akanijibu, "Koku, redio haijui kusema ilipoumia. Mwenye nayo anajua, ila hajui kwamba anajua." Niliona ni maneno ya mzee anayependa hadithi. Nilipofungua kibanda changu mwenyewe, mikono yangu haikuwahi kukaa nyuma ya mgongo hata dakika moja.

Simu za tachi zilipoingia Bukoba, nilizipenda haraka. Nyingi zinazoletwa kwa fundi kwamba hazipigi wala hazipokei hazina ugonjwa wowote. Mkulima mmoja wa Kanazi aliniletea yake akiwa amevimba kwa hasira, kwa sababu siku nne hakuna ndugu aliyempigia, naye alikuwa na hakika kwamba ukoo umekaa kikao cha shamba bila yeye. Niliangalia juu ya kioo nikaona kialama cha ndege. Alikuwa ameigusa bila kujua, simu ikajifungia nje ya mtandao. Nilipomwonyesha, akaniuliza kwa uchungu wa kweli, "Mimi ndege sijawahi kupanda, kwa nini wanichoree mimi?" Nikaizima ile ndege, na simu ya kwanza iliyoingia ilikuwa ya kaka yake, anauliza amepotelea wapi.

Mwingine alikuwa mama wa kwaya. Huyo alisema simu yake inasengenya. Nilicheka, yeye hakucheka. Alikuwa amebandika protekta ya bei rahisi, yenye ukingo mweusi mpana, na ule ukingo ulifunika kile kijicho cha juu ambacho huiambia simu kwamba sasa iko sikioni. Basi akianza tu kuongea, kioo kinakuwa cheusi na hakiwaki tena, hawezi kukata. Alimaliza maongezi na mwenyekiti wa kwaya, akaiweka simu mezani akidhani imekatika, akamgeukia dada yake na kuanza kueleza sauti ya mwenyekiti inafanana na nini. Mwenyekiti alisikiliza yote mpaka mwisho. Niliibandua ile protekta kwa ukucha, kazi ikaisha, lakini urafiki wao sikuweza kuutengeneza.

Na mkisikia mteja analalamika kwamba watu hawamsikii vizuri, angalieni kwanza tundu la maiki pale chini karibu na chaji. Kwetu hapa hujaa vumbi la maganda ya kahawa na unga. Tumieni mswaki mkavu, laini, mkisugua polepole simu ikiwa imeelekezwa chini. Msichokoe kwa sindano. Mimi nilichokoa kwa sindano simu ya mwalimu mmoja, nikaitoboa maiki yenyewe, na ilinibidi nimwekee nyingine kwa gharama yangu huku nimenuna kana kwamba yeye ndiye aliyekosea.

Kwa miaka hiyo nilijitengenezea maswali mawili ya haraka. La kwanza: ni watu wote wanaokusumbua, au ni mtu mmoja? Kama ni wote, ugonjwa uko kwenye simu yako. Kama ni mmoja, uko kwake, au umezuia namba yake bila kujua. La pili: ni kila mahali, au ni mahali pamoja? Kama ni mahali pamoja, ni mtandao, nenda ukapande kilimani. Maswali hayo yalinipa sifa. Watu walisema Mama Koku hafungui simu ovyo, anauliza maneno mawili na tayari amejua. Niliamini hivyo mimi mwenyewe.

Mzee Zakaria alikuja asubuhi moja ya siku ya soko, benchi likiwa limejaa. Alikuwa mwinjilisti mstaafu wa Kilutheri kutoka kijiji kimoja upande wa Muleba, karibu na alikozaliwa mama yangu. Alikuwa mrefu, amefiwa na mke, na alivaa koti hata jua likiwa kali. Simu yake alikuwa ameifunga kwenye leso safi iliyopigwa pasi.

"Mwanangu ananipigia," alisema. "Ananiamkia, namwitikia. Ananyamaza. Halafu simu inakatika."

"Inakatika au anaikata?"

"Sijui, mama. Namsikia anapumua, kisha basi."

Mwanawe huyo alikuwa Kemilembe, binti yake wa mwisho, anayeishi Mwanza. Alikuwa amependana na kijana Mkatoliki, wakafunga ndoa kwenye kanisa la kijana. Mzee alikataa kwenda harusini na akawakataza na kaka zake wasikanyage. Kaka zake nao hawakuthubutu hata kulitaja jina la dada yao mbele yake. Baba na binti hawakusemezana miaka miwili. Sasa binti alikuwa ameanza kupiga, na baba alikuwa anapokea. Yote haya alinieleza akiwa amesimama, kwa sauti ya chini, mbele ya watu wanaosubiri zamu yao.

Ninyi mliokulia mjini mnaosalimiana kwa mambo na poa, hapa nisikilizeni. Kwetu Wahaya mdogo ndiye anayeanza kuamkia, na mtoto wa kike huamkia amepiga magoti. Mkubwa kazi yake ni kuitika. Mtoto aliyekosana na baba yake akija kuamkia, anauliza jambo moja tu: je, bado mimi ni wako? Baba akiitika, ugomvi una njia ya kumalizika. Baba akiamkiwa na asiitike, amekwisha kumtupa, na hakuna tusi linalozidi hapo.

Hayo yote nayajua tangu nikiwa mtoto. Lakini siku ile mzee alikuwa hajamaliza kueleza na mimi tayari nimeichukua simu mkononi mwake.

"Ni watu wote wanaonyamaza hivyo?"

"Hapana. Mchungaji ananipigia, mwenyekiti wa kitongoji ananipigia, tunaongea vizuri."

"Ni mahali pamoja?"

"Popote nilipo."

Kwa simu yake nikaipigia simu yangu ya pili, nikaweka spika, nikazilaza zote mbili mezani kwa sababu mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine. "Halo, moja, mbili, tatu." Sauti ikapita safi. Nikamwambia, "Mzee, simu yako ni nzima. Kama ni namba moja tu inayofanya hivyo, tatizo liko upande ule."

"Upande ule," alirudia. Akaanza kuikunja leso. "Kwa hiyo ni yeye."

Nilisema huenda ni simu ya binti ndiyo mbovu. Nakumbuka nililisema hilo, lakini nilikuwa nimeshamgeukia mteja anayefuata, na sidhani kama alinisikia.

Baada ya kama mwezi alirudi. "Amepiga tena. Hii ni mara ya tatu. Ananiamkia, naitika, anakaa kimya, anakata." Safari hii sikumuuliza kitu. Nilirudia jaribio lile lile mbele ya macho yake, spika, moja, mbili, tatu, ili aridhike. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayemtuliza mtoto, "Nzima kabisa, mzee wangu." Akanishukuru, akatoka. Hakurudi tena, na mimi nikahesabu kwamba mambo yamekwenda vizuri.

Ilipita miezi minane. Siku moja akaja mwalimu wa kike anayekaa Kahororo, na simu ya aina ile ile ya Mzee Zakaria. Ilikuwa imemponyoka darasani. Kabla sijauliza maswali yangu mawili, alinieleza mwenyewe ugonjwa wake, kama walimu walivyo: "Nikiweka sikioni hawanisikii kabisa, ila mimi nawasikia. Nikiweka spika, wananisikia vizuri."

Mikono yangu ilisimama. Nilimwomba arudie, akarudia, akidhani sijamwelewa. Nilikuwa nimemwelewa sana. Simu kama ile ina maiki mbili. Ya chini ndiyo inayochukua sauti yako ukiwa umeiweka sikioni. Ukiweka spika, hutumia ya juu. Mimi nilikuwa napima zote kwa spika, miaka yote hiyo, kwa sababu ilinirahisishia. Nilikuwa napima maiki ya juu na kutangaza kwamba simu nzima ni nzima.

Nilimtengenezea mwalimu simu yake. Kisha nikatia kwenye mkoba bisibisi zangu na kibao kidogo cha chaji cha aina ile, ambacho ndicho hubeba maiki ya chini, na kesho yake asubuhi nikapanda gari la Muleba. Njiani nilijipa moyo kwamba huenda si hivyo. Nilijiambia kwamba mchungaji na mwenyekiti walikuwa wanamsikia, kwa hiyo haiwezekani. Ndani yangu nilijua nina hofu.

Nilimkuta Mzee Zakaria kwenye kibanja chake, shamba linalozunguka nyumba, anakata majani makavu ya migomba. Alikuwa amekonda. Alinikaribisha ndani, akaniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo kama mgeni anavyostahili, nikachukua punje moja nikaishika tu mkononi.

Nikamwita baba kwa Kihaya, "Tata, nionyeshe unavyopokea simu ya mchungaji."

Alishangaa, lakini alionyesha. Akaibonyeza spika, akaishika mbele ya mdomo, akasema kwa nguvu, kama wazee wengi wenye masikio mazito wanavyofanya.

"Na ya Kemilembe?"

Akaniangalia. Kisha akaizungushia simu mikono yote miwili, akaibana sikioni, akageuza uso ukutani. "Maneno ya mwanangu si ya kutangazia migomba," alisema.

Hapo nilielewa kila kitu, na nilitamani nisielewe. Katika watu wote waliompigia yule mzee, mmoja tu ndiye ambaye mzee alimpenda kiasi cha kumweka sikioni, na huyo mmoja ndiye ambaye hakuweza kumsikia mzee. Nilimweleza taratibu kuhusu maiki mbili. Nilimweleza nilivyopima, na nisivyopima.

Nje palikuwa na kuku wanaparua majani.

"Kwa hiyo aliniamkia, akasikia kimya," alisema.

"Ndiyo, tata."

"Mara tatu."

"Mara tatu."

"Naye aliona kwamba nimepokea. Alijua niko hapo."

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, na machozi yalinitoka mimi mwanamke mzima. Hakusema amenisamehe. Alisema neno moja tu, "Tengeneza."

Nilitandika kitambaa mezani kwake, nikafungua. Niliangusha skrubu mara mbili, na mara zote mbili yeye ndiye aliyeiokota. Nilitoa kibao cha zamani, nikaweka kipya, nikafunga. Safari hii nilimwomba atoke mpaka mwisho wa kibanja na simu iwe sikioni, na mimi nikabaki ndani na yangu sikioni. "Sema kitu, tata." Nikasikia, "Niko hapa kwenye migomba." Nilisikia hata majani yakigongana nyuma yake.

Tangu siku ile nina swali la tatu, na ndilo ninalowaachia ninyi. Kabla ya kugusa simu ya mtu, mwambie akuonyeshe anavyoipokea. Aishike yeye, kwa mkono wake, kwenye sikio lake, vile vile anavyofanya akiwa nyumbani. Wewe weka mikono nyuma. Na usiseme simu ni nzima kwa kuwa umepima kwa njia inayokufaa wewe. Sema umepima nini na hujapima nini. Mteja akienda nyumbani na neno lako, atalitumia kuamua mambo ambayo wewe hutayaona.

Mzee aliporudi ndani nilimwambia, "Sasa tunaweza kumpigia. Nipe namba yake, nizungumze naye kwanza, nimweleze kosa ni langu."

Akakataa kwa kichwa. "Wewe ulikwisha kunisemea mara moja, ukasema simu ni nzima."

Alikuwa na haki.

"Lakini mtoto ndiye anayeanza," aliendelea, kama anayejisemesha. "Na huyu hataanza tena. Ameanza mara tatu."

Akapiga mwenyewe. Iliita mpaka ikakoma. Hakupokea. Aliiangalia simu, akaivuta leso mfukoni, nikadhani anaifunga na mambo yameishia hapo. Alifuta uso tu, akapiga tena, akaibana sikioni kwa mikono miwili na kugeukia ukuta.

Ikapokewa. Nami nikamsikia mzee wa umri ule, mwinjilisti, baba wa watu, akimwamkia binti yake. Alitumia maneno ambayo kwa Kihaya mtoto humwambia baba, yale ambayo hakuna mkubwa anayemwambia mdogo. Aliyasema polepole, akaongeza "waitu" ya heshima mwishoni. Mimi nikaangalia chini, kwa sababu sikustahili kuona jambo lile.

Kukawa kimya. Mzee akaitoa simu sikioni, akanigeukia, uso umebadilika. "Hasikii," alisema.

Nilitazama kioo, sekunde bado zilikuwa zinahesabu. "Yupo, tata. Hajakata. Subiri."

Akairudisha sikioni. Na pale nilipokaa, bila spika, nikasikia sauti ya mwanamke ikilia kwa nguvu kwenye kile kispika kidogo cha sikioni. "Tata, usiniamkie! Usiniamkie mimi, tata!"

"Basi niamkie wewe," alisema Mzee Zakaria. "Niamkie, mwanangu. Nakusikia."

Akasikiliza. Akaitika, kwa sauti kubwa ya kanisani. Pakapita kimya kidogo, akaitika tena. Nilidhani mtandao unasumbua na wanarudia maneno, mpaka alipoitika mara ya tatu, nikaelewa kwamba yule binti alikuwa anamwamkia upya kwa kila moja ya zile mara tatu ambazo hakujibiwa. Nilichukua mkoba wangu nikatoka bila kuaga, kwa maana yaliyofuata hayakuwa yangu kuyasikia.